Kanda Yenye Jina la Nemayian

Jumapili, Machi 4, 2001

Nimetoka kanisani nikamkuta Dominiko ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anapigapiga goti kwa vidole na kusema peke yake. Nilidhani anasali. Nikamwambia, "Ungekuja kanisani ungesali na wenzio." Akanijibu kwamba hasali, anapima mistari. Anatengeneza albamu ya ule muziki wa kufokafoka.

Nilicheka. Kisha nikajuta, maana yeye hakucheka.

"Mwanangu, una miaka ishirini na saba. Muziki huo si wa watoto wa shule?"

"Siyo nyimbo za kucheza, mama."

"Sasa wimbo usiochezeka ni wa nini?"

Akainuka, akaingia ndani.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Baba yake angekuwa hai angesema tu, "Mwache." Nilipokuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge, kabla halijauzwa na sisi kuambiwa twende nyumbani, nilizoea kufunga siku kwa kuandika yaliyotokea. Sasa nauza vitenge sokoni hapa Korogwe, lakini mikono haijasahau.

Mke wa Dominiko, Nemayian, alifariki Aprili mwaka jana akijifungua, kwao, huko ndani nyuma ya Mkata. Dominiko alikuwa Dar es Salaam na kundi lake la muziki. Alipofika walikuwa wameshazika. Mtoto alipona, wa kike, anaitwa Beatrisi, na analelewa na bibi yake mzaa mama. Tangu siku ile mwanangu hajarudi Mkata hata mara moja. Mimi ndiye ninayekwenda kumwona mtoto. Nikirudi haniulizi kitu. Hilo linaniuma kuliko yote. Mwanaume ana damu yake huko, yeye amekaa kwenye ngazi anapiga goti.

Jumatano, Machi 7

Mvua ya kwanza. Bati linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumamosi, Machi 10

Amekuja Kibwana, rafiki yake Dominiko, yule Mzigua wa Kwamsisi mwenye chumba karibu na stendi. Amenunua kompyuta iliyotumika kutoka Tanga, anasema anaweza kurekodi nayo nyimbo. Kijana ana adabu, hajawahi kunipita bila shikamoo.

"Mama, tunaomba mablanketi mabovu, kama yapo."

"Mnalala chini?"

"Hapana, ya kutundika ukutani. Ukuta unarudisha sauti."

"Sauti ikirudi si ndiyo vizuri, watu wasikie mara mbili?"

Alicheka sana. Nikampa mablanketi na magunia ya katani niliyohifadhi tangu enzi za shamba. Akayabeba kichwani huku mvua inanyesha.

Nilimwuliza mlangoni kama muziki huo utamlisha mtu. Kibwana akasema, "Huu siyo wa kulisha mtu, mama." Sikumwelewa, nikaona ni maneno ya vijana.

Alhamisi, Machi 15

Soko ni tope tupu. Nimeuza kitenge kimoja, nacho kwa jirani.

Jumamosi, Machi 17

Nilipita stendi kumpelekea Dominiko chakula kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio. Kimefungwa. Nikaenda kwa Kibwana. Nje nikasikia sauti ya mwanangu, anasema haraka, hapumziki. Nilidhani anagombana na mtu, nikataka kusukuma mlango. Halafu nikasikia ngoma chini yake, nzito, ya polepole, nikajua ndiyo hiyo albamu.

Nikasimama pale barazani na bakuli mkononi.

*Nilishuka Mkata na kanga kwenye mfuko wa nailoni,
kila niliyemsalimia akaangalia chini.*

Kisha akataja jina. Nemayian. Akalitaja tena, na tena, halikuwa kama wimbo, lilikuwa kama mtu anayeita mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Mwaka mzima sijamsikia akilitaja jina hilo ndani ya nyumba yangu. Niliacha bakuli juu ya ndoo, nikaondoka bila kubisha.

Jumanne, Machi 20

Mvua kutwa.

Jumapili, Machi 25

Nimerudi kutoka Mkata, viatu vimebaki kwenye tope la watu.

Basi lilinishusha kituoni, pale wanawake wanapokimbilia madirishani na mahindi ya kuchoma. Hapo ndipo Dominiko alipomwona Nemayian mara ya kwanza, akiuza maziwa. Kutoka hapo nilibebwa kwa baiskeli hadi njia ilipoishia, kisha nikatembea hadi kwenye boma la mzee Moreto, baba yake Nemayian. Mvua imewaletea majani, ng'ombe wamenenepa.

Beatrisi anasimama kwa kushika vitu. Ana paji la uso la mwanangu. Bibi yake, Simaloi, amemtengenezea shanga za kiunoni. Simaloi ni mwanamke mrefu, mkimya, tunapendana kwa ishara zaidi kuliko maneno. Tulikaa na wanawake wengine ndani, tukinywa chai ya maziwa. Mtoto akacheka akiwa amefumba macho, nami bila kufikiri nikasema, "Anacheka kama Nemayian."

Mmoja akaweka kikombe chini. Simaloi alimchukua mtoto kwenye mapaja yangu, taratibu, bila hasira, akatoka naye nje.

Nilimfuata. Akaniambia, "Mkwe, hatulitaji."

"Jina?"

"Aliyekwenda, jina lake hatulitaji. Sema mama wa mtoto. Nitakuelewa."

Nilimwomba radhi. Mwaka mzima nilikuwa nikisema marehemu, nami nilidhani ni heshima yangu tu. Sikujua kuwa wao wamekuwa wakinishukuru kwa hilo.

Nilipoaga, Moreto alikuwa amesimama kwenye lango la miiba. Hakuzunguka maneno. "Mwanao yuko wapi?"

"Yuko Korogwe, mkwe. Ana kazi."

"Kazi," akasema, akaangalia ng'ombe. Yule mzee ana moyo mgumu. Nikashika njia.

Jumatatu, Machi 26

Nimemweleza Dominiko habari ya jina. Alikuwa anakula, akaacha.

"Ulinisikia ninavyorekodi?"

"Nilipita tu."

"Kila wimbo una jina la mke wangu, mama. Ndilo kiitikio. Nikilitoa kunabaki nini?"

"Utajua mwenyewe. Lakini wale ndio wanaomlea mwanao."

"Najua ni nani wanaomlea mwanangu."

Alisema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa na miaka kumi na tano. Kisha akaosha sahani yangu na yake, akaenda kwa Kibwana kwenye mvua.

Jumapili, Aprili 1

Umeme hakuna tangu Ijumaa. Dominiko anazunguka ndani ya nyumba kama mtu aliyepotelewa na ufunguo.

Alhamisi, Aprili 5

Umeme umerudi. Kibwana anasema kompyuta imekufa, anatafuta fundi.

Jumapili, Aprili 8

Leo ni Matawi. Sitaandika habari za kanisani.

Mchana Dominiko alikuja na kanda mkononi, akasema ni nyimbo walizorekodi kabla kompyuta haijafa, akaniomba nikae nisikilize. Aliweka redio kaseti juu ya meza, akaenda kusimama dirishani akinipa mgongo. Juu ya kanda Kibwana ameandika kwa kalamu: NILICHELEWA. Ndilo jina la albamu.

Sijui kuusema muziki. Nitasema nilichosikia. Ngoma ziko mbali, kama mtu anayetwanga nyumba ya pili. Kuna sauti ya mvua ya kweli, Kibwana aliirekodi kwenye bati. Na mwanangu anazungumza. Hafoki. Nilidhani atafoka. Anazungumza kama aliyekaa karibu na kitanda cha mgonjwa.

Wimbo wa kwanza ni basi kutoka Dar, anavyohesabu madaraja na hajui kinachomsubiri. Mwingine ni kanga aliyomnunulia mkewe, ambayo hadi leo haijafunuliwa. Upo wimbo anasema na mtoto, anamwambia asifanane na baba yake. Na upo wa kwangu.

*Mama sokoni hucheka, hukunja vitenge kwa madaha,
nyumbani hufungua bomba nisisikie anavyolia.*

Nilimtazama mgongo wake. Nilidhani maji yale yalikuwa siri yangu.

Upande wa pili ndiko kwenye giza. Wimbo wa mwisho hauna ngoma kabisa. Anamwambia Nemayian kwamba amechoka kusubiri upande huu, kwamba nyumba ya mama ina wasaa lakini yeye hana pa kukaa ndani yake, na kwamba akiamua kumfuata asifungiwe mlango. Sitaandika zaidi. Kanda ikafika mwisho, redio ikajizima yenyewe.

Nikasema, "Dominiko, hayo ni mistari tu?"

Hakugeuka.

"Nimekuuliza. Ni mistari?"

"Hapana, mama. Siyo mistari tu."

Nikashika meza. Nilitaka kumpiga kama mtoto, nilitaka kumkumbatia, sikufanya hata moja. Nikamwambia, "Geuka unitazame." Akageuka. Nilimwona alivyokonda. Naishi naye nyumba moja, nampakulia chakula, sikuwa nimemwona.

"Umeyawaza lini?"

"Yanakuja na kuondoka. Yakija nayaandika. Nikiyarekodi yanakaa kule kwenye kanda. Kwa siku chache hayakai kwangu."

"Na yakikataa kukaa kule?"

Akasema, "Ndiyo maana nimekuletea usikie."

Nilimshika mikono. Mikono yake inanuka risasi ya kuunganishia waya za redio, kama ya baba yake ilivyonuka grisi ya mashine za mkonge. Nikamwambia sina hasira. Nikamwambia mawazo hayo yakija aniambie, hata nikiwa sokoni, hata nikiwa na mteja, nitaweka kitenge chini. Akaitikia kwa kichwa. Tukakaa vile mpaka chai ikapoa.

Alipotoka kwenda kuoga niliondoa vitu fulani ndani ya nyumba. Sitaviandika ni vitu gani.

Mwezi mzima nimemwita mvivu moyoni mwangu. Nimemwita mwoga.

Jumatatu, Aprili 9

Nimezungumza na muuguzi mmoja ninayemfahamu, mteja wangu. Amekuja nyumbani kana kwamba amekuja kuchagua kitenge. Walikaa barazani, yeye na Dominiko, muda mrefu. Ameahidi kuja tena.

Ijumaa Kuu, Aprili 13

Kibwana ameleta muhogo kutoka kwao. Nilimkalisha jikoni, nikamwuliza wazi kama anaujua wimbo wa mwisho.

"Naujua, mama. Mimi ndiye niliyemrekodi."

"Na ulikaa kimya?"

Akatazama chini. Maji ya mvua yalikuwa yakimchuruzika shingoni. "Mama, kompyuta haijaharibika."

"Sijakuelewa."

"Nimemdanganya. Kompyuta nzima kabisa. Siku alipourekodi huo wimbo, aliniambia, ukiisha huu albamu imeisha. Alivyosema sikupenda. Nikawaza, albamu ikiisha atabaki na nini? Kwa hiyo nikamwambia mashine imekula sauti, turudie. Tukirudia, nasema ngoma haijakaa. Halafu nasema imekufa. Wimbo mmoja ameurekodi mara ngapi sijui. Anakasirika, anarudi kesho. Mimi nataka tu arudi kesho."

Huyu ndiye kijana niliyedhani anampotezea mwanangu muda. Kweli alikuwa akimpotezea muda, na ndio uliomweka hai.

"Baba yangu angejua nimesema uongo hivi ndani ya mwezi mzima," akasema, "angenifukuza."

Nikamkatia muhogo, nikauchemsha kwa chumvi, tukala pamoja, yeye hakujua kwamba mimi nimefunga siku hiyo, nami sikumwambia.

Pasaka, Aprili 15

Dominiko amekuja kanisani. Amekaa kiti cha nyuma.

Jumatano, Aprili 18

Mvua. Muuguzi amekuja tena. Dominiko amemtengenezea redio yake.

Ijumaa, Aprili 20

Ameniambia akinywa chai, kama mtu anayesema chumvi imekwisha: "Kesho nakwenda Mkata." Nikasema twende wote. Akasema anataka kumwomba mzee Moreto ruhusa ya lile jina. Nilimwambia atakataa. Akasema, "Akatae, lakini aniambie mimi mwenyewe."

Jumapili, Aprili 22

Tumerudi leo. Nitajaribu kuandika kama ilivyokuwa.

Kutoka kituoni hakuna baiskeli iliyokubali kwenda, njia imejaa maji. Tulitembea. Korongo la kwanza lilitufika magotini. Dominiko alinishika mkono, akasimama katikati ya maji akiangalia juu na chini, mpaka nikamwita. Akasema, "Walipita hapa naye?" Nikasema sijui.

Bomani Simaloi alitoka nje, akasimama. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Dominiko, akamwekea mtoto mikononi bila salamu. Beatrisi alimtazama mwanaume huyu, akapiga ukelele. Alilia, akajipinda, akamnyooshea bibi yake mikono. Dominiko akamrudisha. "Hanifahamu," akasema. Simaloi akamjibu, "Ungekuja angekufahamu." Hayakuwa matusi. Ilikuwa kweli.

Moreto alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba kubwa. Dominiko alikwenda, akainamisha kichwa mbele yake kama Nemayian alivyomfundisha, ili mzee amguse. Mkono wa mzee haukutoka kwenye fimbo. Dominiko akabaki ameinama. Nilihesabu pumzi zangu. Mwishowe mzee akasema, "Kaa," na Dominiko akakaa chini.

"Shikamoo, mzee."

"Umekuja."

"Nimekuja. Nimekuja na kosa la kuchelewa kuja, na nimekuja na ombi."

Akamweleza yote. Kwamba ametengeneza nyimbo. Kwamba jina la mama wa mtoto limo ndani, mara nyingi. Kwamba anajua kwao haliruhusiwi. Kwamba bila ruhusa ya mzee kanda haitatoka.

Lengai, kaka yake Nemayian, alikuwa amesimama kando, redio kaseti ya betri begani. Mzee akamwonyesha kwa kidevu. "Weka nisikie."

Lengai akamwangalia baba yake kama hakusikia vizuri. "Baba?"

"Weka."

Dominiko akampa Lengai kanda, ukaanza ule wimbo wa kushuka Mkata. Pale nje, na ng'ombe wakitafuna, sauti ya mwanangu ilikuwa ndogo. Jina lilipotoka mara ya kwanza Simaloi alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Akajishika mdomo, akaingia ndani. Wanawake wengine wakamfuata. Lengai alinyoosha mkono kuzima, mzee akamzuia. Aliusikiliza wimbo wote, jina lote, amefumba macho. Ulipoisha akasema, "Basi."

Kisha akazungumza, na alimtazama Dominiko tu.

"Hujawahi kuniuliza ilivyokuwa."

"Niliogopa, mzee."

"Alianza kuumwa asubuhi. Mtoto akatoka, damu ikakataa kusimama. Tukatoa kitanda, tukambeba kwenda kwenye lami. Huyu Lengai, na ndugu zangu, na mimi. Mimi nilikuwa upande wa kichwa. Korongo lilikuwa limejaa, maji yakanifika hapa." Akajigusa kifuani. "Tukainua kitanda juu ya vichwa. Tulipokuwa katikati alikuwa bado anasema. Unajua alikuwa anasema nini?"

Dominiko akatikisa kichwa.

"Alikuwa anauliza kama basi la Dar limepita. Alijua unakuja. Anauliza, baba, limepita? Nikamwambia bado, bado halijapita. Sikujua kama limepita. Nilimwambia bado ili asubiri. Tulipotoka upande wa pili hakuuliza tena."

Mwanangu alilia. Alilia mbele ya wanaume, na kichwa magotini, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Lengai akaondoka akaenda kusimama kati ya ng'ombe. Nami nilimtazama Moreto, mzee niliyemwita mwenye moyo mgumu, nikamwona amegeuza uso kuelekea korongo.

Kisha mzee akasema, "Ukilitaja lile jina, mke wangu anaanza upya siku ile. Umemwona. Kanda hiyo itapigwa kwenye mabasi, kituoni, mnadani. Kila atakapokwenda atalisikia. Jina litoe. Mengine yabaki. Mengine ni kweli."

"Nitalitoa, mzee. Lote. Halitabaki popote."

"Umesema?"

"Nimesema."

Dominiko akainamisha kichwa tena, na safari hii mzee akamgusa. Aliuacha mkono pale utosini kwa muda.

Simaloi hakutoka nje kutuaga.

Jumamosi, Aprili 28

Kompyuta ya Kibwana "imefufuka", anakata jina kwenye nyimbo. Anasema inauma masikio, palipokuwa na jina pamebaki pengo, ngoma zinaendelea peke yake. Alitaka kujaza kwa gita. Dominiko amekataa, hataki kitu kikae pale.

Jumanne, Mei 1

Wimbo wa mwisho ameuondoa mwenyewe, wote. Nilimwuliza kama ni kwa ajili yangu. Akasema, "Kwa sababu sasa ungekuwa uongo. Siku nyingi, mama. Siyo zote, lakini siku nyingi." Nimeikubali hiyo. Muuguzi bado anakuja.

Alhamisi, Mei 3

Kibwana alitaka kuhifadhi kanda ya kwanza, ile yenye jina, hata moja tu, kabatini. Walibishana hapa barazani.

"Hakuna atakayeisikia, Domi. Ni kumbukumbu."

"Nimempa mzee neno langu. Nilisema popote."

Dominiko amefuta kwenye kompyuta, na kanda zote amerekodi juu yake. Ile niliyoisikiliza mimi aliichukua mezani kwangu. Nilimsifu. Nilimwambia baba yake angejivunia. Kibwana alikuwa ametazama pembeni, uso wake kama wa mtu anayeona nyumba inabomolewa.

Jumatatu, Mei 14

Msambazaji kutoka Dar amepita Korogwe, amesikiliza. Amesema kijana ana kipaji, lakini watu wana shida zao tayari, hawanunui za wengine. Aweke nyimbo mbili za kuchangamsha, za mapenzi, atamchukua. Dominiko akamshukuru, akachukua kanda yake. Siku hizi kila kitu ni soko, hata msiba unaulizwa kama utanunuliwa.

Jumamosi, Mei 19

Duka la kanda pale stendi wamepiga upande wa kwanza. Mteja mmoja ameomba wazime, anatafuta nyimbo za harusi.

Alhamisi, Mei 24

Mvua zinapungua. Dominiko amefunga vyombo vyake vya ufundi kwenye sanduku la baba yake. Amepata kibanda pale kituoni Mkata, atatengeneza redio huko. Anataka kuwa karibu na mtoto. Nilitaka kusema, na mimi? Nikamfungashia vitenge viwili na sufuria.

"Kanda zako?"

"Ziko kwa Kibwana. Anayetaka atachukua."

Jumapili, Mei 27

Nyumba ina wasaa.

Jumapili, Juni 10

Nimekwenda Mkata. Jua limewaka, tope limekuwa vumbi tayari.

Dominiko ananenepa kidogo. Kibanda chake kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo, na siku hiyo Simaloi alikuwa ameleta maziwa kituoni na Beatrisi naye. Mtoto alikuwa chini ya meza ya baba yake akichezea spika mbovu. Hamwiti baba bado. Lakini alipotaka kuinuka alishika suruali yake bila kuangalia ni ya nani, kama mtu anavyoshika ukuta wa nyumba yake.

"Huandiki tena?" nikamwuliza.

"Siandiki."

"Hata kidogo?"

"Nilikuwa nazungumza na mtu mmoja, mama. Sasa nina huyu, naye maneno hajui bado." Akapuliza vumbi kwenye redio ya mtu. "Jana ilikuwa siku mbaya. Nilikwenda kwa mzee, tukakaa. Hakusema kitu, nami sikusema. Nikarudi."

Alasiri mtoto alilala kwenye kitenge, na Simaloi akanigusa bega. Nilimfuata nyuma ya vibanda, mahali wanapomwaga maji. Alitazama kama kuna mtu. Hakuna aliyekuwepo. Alianza kuzungumza, akaacha, akaanza tena.

"Mkwe. Ile kanda."

"Usiogope, mkwe. Alitoa. Kanda wanazochukua watu hazina."

"Najua. Lengai ameniwekea, nimesikia. Palipokuwa na jina panapita kimya." Alikuwa akipindapinda shanga za mkono wake. "Ile ya kwanza. Ile mliyokuja nayo. Bado ipo?"

Nilimtazama usoni. Mwanzo nilidhani anataka uhakika kwamba haipo. Kisha nikaona macho yake.

"Sitaki kuisikia," akasema haraka. "Usiniletee. Nataka tu kujua kama ipo mahali. Kwamba kuna mahali linasemwa."

Ningeweza kumdanganya. Kibwana angemdanganya. Lakini huyu mwanamke hajawahi kuniambia uongo.

"Haipo, Simaloi. Ameifuta. Alimwahidi mzee."

Hakulia. Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayeambiwa njia ya kwenda mahali. Tulisimama. Upande wa barabarani basi lilikuwa linapiga honi na wanawake wanapiga kelele za mahindi.

Kisha akafumbua mdomo, akalisema. Nemayian. Mara moja, polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika zamani kuona kama utakanyaga. Alisubiri. Nami nilisubiri naye, sijui tulikuwa tunasubiri nini.

Akajifuta mdomo kwa ncha ya shuka yake. "Twende," akasema, "mtoto ameamka."